Kuhamia Kanada na familia kwa mfuko mwembamba: Panapoweza kupunguzwa gharama na pasipoweza

KATIKA mitaa mingi ya Nairobi na Dar es Salaam, habari za jirani aliyehamia Kanada pamoja na mkewe na watoto husimuliwa kwa mtindo mmoja: aliuza kiwanja, akawaaga ndugu, akapanda ndege. Kinachosimuliwa kwa nadra ni hesabu iliyotangulia safari hiyo, ambayo wakati mwingine huchukua miaka miwili au mitatu kukamilika.

Hesabu hiyo ndiyo yenye kuamua mambo. Familia ya mwalimu, mhasibu au fundi mitambo inaweza kuwa na sifa zote zinazotakiwa na bado ikakwama njiani, ama kwa sababu imelipa fedha mahali pasipostahili, au kwa sababu imejaribu kubana gharama ambayo sheria hairuhusu ibanwe. Kosa la kwanza hugharimu akiba. Kosa la pili linaweza kumgharimu mzazi mtoto wake.

Njia yenyewe ikoje

Kanada ilianza kuwapima wahamiaji kwa alama mwaka 1967. Tangu Januari 2015, wengi wa waombaji wenye ujuzi huanzia katika mfumo wa mtandaoni uitwao Express Entry, ambao hutumika kwa majimbo yote isipokuwa Quebec, lenye utaratibu wake. Mwombaji hujaza wasifu wake, hupewa alama kwa umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi, kisha husubiri kualikwa. Akialikwa, hupewa siku 60 kuwasilisha maombi kamili ya ukaazi wa kudumu.

Kujaza wasifu hakulipiwi. Hata hivyo, haujazwi mikono mitupu: kwanza lazima mwombaji afanye mtihani wa lugha na kupata tathmini ya vyeti vyake vya elimu, na vyote viwili hulipiwa. Matokeo ya lugha hutumika kwa miaka miwili, na tathmini ya vyeti kwa miaka mitano. Anayefanya mtihani mapema mno, kabla hajawa na fedha za hatua zinazofuata, hujikuta akiulipia mara ya pili.

Aidha, mwaliko hauna uhakika. Mpango wa serikali ya Kanada uliokuwa umelenga kupokea wakaazi wapya 500,000 mwaka 2025 ulipunguzwa Oktoba 2024 hadi 395,000, na mpango uliotangazwa Novemba 2025 uliweka lengo la 380,000 kwa mwaka kuanzia 2026 hadi 2028. Milango haijafungwa, lakini ni myembamba kuliko ilivyokuwa.

Kwa wanandoa, uamuzi wa kwanza hauhitaji hata shilingi moja: nani awe mwombaji mkuu? Katika familia nyingi jibu hutolewa kwa mazoea, kwamba ni baba. Mfumo wa alama haujali mazoea hayo. Alama za umri huwa za juu kabisa kati ya miaka 20 na 29, hupungua taratibu, na huisha kabisa mtu afikishapo miaka 45. Mke mwenye umri wa miaka 31, shahada na Kiingereza kizuri anaweza kuibeba familia ambayo mume wa miaka 44 asingeweza kuifikisha popote. Vilevile, wanaojua Kifaransa vizuri, wakiwamo wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi, wamekuwa wakialikwa kwa alama za chini kuliko wengine tangu utaratibu wa kuchagua kwa makundi uanze mwaka 2023.

Ada za serikali

Chukulia familia ya baba, mama na watoto wawili. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Aprili 30, 2024, ada ya kushughulikia maombi kwa kila mtu mzima ilikuwa Dola 950 za Kanada, na ada ya haki ya ukaazi wa kudumu Dola 575. Kila mtoto alilipiwa Dola 260. Alama za vidole na picha zililipiwa Dola 85 kwa mtu mmoja, na zisizozidi Dola 170 kwa familia nzima. Jumla ni Dola 3,740. Ada hizi hupandishwa kila baada ya miaka miwili, hivyo familia inayojiandaa leo haina budi kupanga kwa kiwango cha siku ya kulipa, si cha siku ya kuanza kuweka akiba.

Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba fedha hizi hazina hatima moja. Maombi yakikataliwa, ada ya kuyashughulikia hairudishwi, lakini ile ya haki ya ukaazi hurudishwa.

Juu ya hizo kuna uchunguzi wa afya, unaofanywa na daktari aliyeidhinishwa na Kanada, na hati ya polisi ya tabia njema kwa kila aliyefikisha umri wa miaka 18. Aliyewahi kuishi nchi nyingine kwa miezi sita mfululizo katika miaka 10 iliyopita hutakiwa kuleta hati ya huko pia. Mwenye historia ya kazi Ghuba au masomo India aianze hati hiyo mapema, kwa kuwa siku 60 za mwaliko hupita upesi.

Akiba isiyokopeka

Kizingiti kikubwa kwa familia ya kipato cha kawaida ni ushahidi wa fedha za kuanzia maisha. Kwa viwango vya Julai 2025, familia ya watu watatu ilitakiwa kuonyesha Dola 23,360 za Kanada, ya watu wanne Dola 28,362, na ya watu watano Dola 32,168. Kwa familia ya watu wanne, hiyo ilikuwa zaidi ya Shilingi milioni 2.5 za Kenya, au zaidi ya Shilingi milioni 45 za Tanzania. Kiwango hiki hurekebishwa kila mwaka. Wanaosamehewa ni wale ambao tayari wana uzoefu wa kazi ndani ya Kanada na wanaomba kwa kundi hilo, pamoja na wenye kibali cha kufanya kazi huko na ahadi halali ya ajira.

Fedha hizi halipwi mtu yeyote. Hubaki kuwa mali ya familia. Lakini ni lazima ziwe zao kweli. Haziruhusiwi kuwa za mkopo, na thamani ya nyumba au shamba haihesabiwi mpaka mali hiyo iuzwe na fedha ziingie benki. Barua ya benki hutakiwa kuonyesha wastani wa salio kwa miezi sita iliyopita. Kwa hiyo ule mtindo wa kuazima kwa shemeji, kupiga picha salio na kurudisha wiki inayofuata hausaidii kitu. Akibainika kutoa taarifa za uongo, mwombaji hufungiwa kwa miaka mitano.

Ndipo panapoingia wazo linaloonekana la busara: kwa nini baba asiombe peke yake ili kiasi kipungue, kisha awafuate wengine baadaye? Kanuni imeziba mwanya huo. Kiasi hukokotolewa kwa idadi ya wanafamilia wote, wakiwamo mwenzi na watoto ambao hawasafiri. Kumwacha mke nyumbani hakupunguzi hata senti ya ushahidi unaotakiwa.

Mtoto ambaye hakutajwa

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kutowataja baadhi ya wanafamilia kabisa. Pengine ni mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ambaye mke hamjui, au mtoto anayelelewa na bibi kijijini, na mzazi huona kumtaja ni kujiongezea karatasi na gharama ya daktari.

Hili ndilo kosa zito kuliko yote. Sheria ya Kanada inataka kila mtoto tegemezi atajwe na achunguzwe afya hata kama hasafiri. Ambaye hakutajwa na kuchunguzwa huwekwa nje ya kundi la familia, na mzazi aliyekwisha kuwa mkaazi hataweza kumdhamini kama mtoto wake. Ada ya daktari iliyookolewa leo inaweza kuwa ukuta kati ya mzazi na mtoto kwa miaka yote inayofuata.

Mtoto huhesabiwa kuwa tegemezi akiwa hajafikisha miaka 22 na hajaoa wala kuolewa. Kikomo hicho kilishushwa hadi chini ya miaka 19 mwaka 2014, kisha kikarejeshwa Oktoba 2017. Mtoto wa ndugu anayelelewa nyumbani bila hati ya kuasili haingii katika hesabu, hata kama amemwita mlezi "mama" tangu utotoni. Mtoto wa ndoa ya awali huhitaji ridhaa ya mzazi wake wa pili. Na kwa mwenye wake zaidi ya mmoja, Kanada hutambua mmoja tu kuwa mwenzi.

Punguzo halali lipo kwingine. Baada ya visa kutoka, mwombaji mkuu anaweza kutangulia, akatafuta kazi na chumba, na familia ikamfuata kabla visa zao hazijaisha muda. Mwenzi na watoto hawaruhusiwi kumtangulia. Utaratibu huu haupunguzi ada, lakini huiokoa familia na miezi ya kwanza ya kodi ya nyumba kubwa ambayo bado haina mshahara wa kuilipia.

Njia ya masomo si nafuu tena

Kwa miaka kadhaa familia zilizokosa alama zilitumia njia ya masomo: mmoja husoma, mwenzi hufanya kazi. Njia hiyo imebanwa. Mwanafunzi asiye na familia, aliyekuwa akitakiwa kuonyesha Dola 10,000 za kujikimu, alitakiwa kuonyesha Dola 20,635 kuanzia Januari 2024 na Dola 22,895 kuanzia Septemba 2025, mbali na karo na nauli. Tangu Januari 21, 2025, kibali cha kazi kwa mwenzi wa mwanafunzi kimebakizwa hasa kwa wenzi wa wanaosoma udaktari wa falsafa, uzamili wa miezi 16 au zaidi, na baadhi ya fani maalumu. Anayeuza shamba kwa ajili ya stashahada ya mwaka mmoja, akitumaini mkewe atafanya kazi, anafuata ushauri uliopitwa na wakati.

Mawakala

Fedha nyingi za familia hupotelea kwa watu wa kati. Mwaka 2023 wazazi wa Kaunti ya Uasin Gishu, Kenya, waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Kanada. Tukio hilo lilionyesha kwamba hata mpango wenye sura rasmi haumwondolei mlipaji wajibu wa kuuliza fedha zinakwenda wapi.

Kwa mujibu wa sheria za Kanada, wanaoruhusiwa kutoza malipo kwa ushauri wa uhamiaji ni mawakili, mathabiti wa Quebec, na washauri waliosajiliwa na chuo cha kitaaluma kilichoanza kazi Novemba 2021. Majina ya washauri hao yamo katika orodha ya mtandaoni, na kuikagua ni bure. Hakuna aliye miongoni mwao anayeweza kuuza mwaliko, kwani mwaliko hutolewa kwa alama.

Miezi ya mwanzo

Familia ikifika, habari njema ni kwamba shule za umma hazina karo kwa watoto wa wakaazi wa kudumu, na huduma za kuwasaidia wageni, kama madarasa ya lugha na ushauri wa kutafuta kazi, hulipiwa na serikali. Wazazi wa kipato cha chini wanaweza kupata posho ya watoto. Kwa mwaka ulioanza Julai 2025, kiwango cha juu kilikuwa Dola 7,997 kwa mtoto wa chini ya miaka sita na Dola 6,748 kwa wa miaka sita hadi 17. Posho hii haiji yenyewe: huombwa, na wazazi wote wawili hutakiwa kuwasilisha hesabu za kodi kila mwaka.

Habari ngumu ni tatu. Mosi, matibabu: baadhi ya majimbo, likiwamo British Columbia, humtaka mgeni kusubiri hadi takriban miezi mitatu kabla ya bima ya umma kuanza, hivyo bima binafsi ya muda huo ni gharama isiyokwepeka kwa mwenye watoto. Pili, nyumba: mgeni hana historia ya mikopo, na mwenye nyumba wa Ontario anaruhusiwa kudai kodi ya mwezi wa kwanza na wa mwisho kwa pamoja. Tatu, kazi: tathmini ya vyeti si leseni. Muuguzi, mwalimu na mhandisi hutakiwa kusajiliwa upya na bodi za jimbo, na wengi huanza kwa kazi za ghala, usafi au kulea wazee.

Hata majira ya kusafiri yana bei. Mwaka wa shule huanza Septemba, na familia inayofika Juni au Julai hupata muda wa kuzoea kabla ya baridi. Makoti mazito yanayouzwa Gikomba na Karume kwa bei ya kutupa mara nyingi yametoka katika nchi za baridi kama hizo, na huko nako maduka ya mitumba yapo. Nguo na vyombo ambavyo familia imekuwa ikivitumia huingia bila ushuru, lakini anayebeba fedha zinazofikia Dola 10,000 au zaidi lazima azitaje mpakani. Kuzitaja hakumtozi kitu. Kuzificha huweza kumfanya anyang'anywe.

Kwa mwenye mfuko mwembamba, kuvuka bahari na familia si jambo lisilowezekana, ila si jambo la haraka. Lugha kwanza, vyeti pili, akiba ya miezi mingi tatu, na majina ya watoto wote katika fomu bila kuacha hata mmoja. Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Katika safari hii, kibaba hicho hukaguliwa na afisa asiyemjua mwombaji, anayesoma taarifa ya benki mstari kwa mstari.