Mchoro Unaotembea: Filamu ya Mwanafunzi Kuhusu Mkorogo

Ndugu msomaji, umewahi kuona katuni inayotembea? Wazee wetu wengi waliiona sinema mara ya kwanza wakati gari la sinema lilipofika kijijini. Jioni kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani. Giza likaingia, mashine ikanguruma, na watu wakaonekana juu ya kitambaa wakitembea na kusema. Wapo watoto waliozunguka nyuma ya kitambaa kuwatafuta watu hao. Hawakumkuta mtu.

Siku hizi huna haja ya kungoja gari. Katuni ziko kwenye televisheni ya dukani. Ziko hata kwenye simu ya kijana wako. Lakini hebu jiulize. Katuni ni picha iliyochorwa kwa mkono. Picha ni karatasi, na karatasi haina miguu. Inatembeaje basi?

Jibu lake unalo nyumbani. Usiku chukua kijinga cha moto jikoni, ukizungushe haraka gizani. Utaona nini? Utaona duara la moto. Duara hilo halipo. Kuna kaa moja tu la moto linalozunguka. Lakini jicho na ubongo haviwezi kutenganisha vitu vinavyopita upesi sana. Vinaviunganisha vikawa kitu kimoja. Sinema inatumia udhaifu huo wa macho yetu. Picha moja inaonyeshwa kwa muda mfupi mno, halafu ya pili, halafu ya tatu. Kila picha imetofautiana kidogo na ile iliyotangulia. Sisi tunaona mtu anatembea.

Sinema ya kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde moja. Sekunde moja ni muda wa kusema "karibu ndani". Wachoraji wengi hupunguza kazi kwa kuonyesha kila mchoro mara mbili. Hivyo wanachora michoro 12 kwa sekunde moja. Sasa tupige hesabu pamoja. Dakika moja ina sekunde 60. Michoro 12 mara 60 ni 720. Filamu ya dakika 7, ikiwa yote imechorwa, inataka michoro 5,040. Hizo ni rimu 10 za karatasi na karatasi 40 juu yake. Ukichora michoro 20 kila siku bila kupumzika hata Jumapili, utamaliza baada ya siku 252. Mahindi yatapandwa na kuvunwa wewe bado unachora.

Ni nani basi mwenye subira ya namna hiyo? Leo tutamtaja mmoja. Ni jirani yetu wa Kenya, Bi. Ng'endo Mukii.

Bi. Ng'endo alikwenda Uingereza kusoma kazi ya kutengeneza filamu za michoro. Chuo chake kiko London na kinaitwa Royal College of Art. Alihitimu mwaka 2012. Katika vyuo vya namna hiyo mwanafunzi hamalizi kwa kujibu maswali ya mtihani tu. Anatakiwa aonyeshe kazi ya mikono yake, kama fundi seremala anavyotoa meza. Yeye alitoa filamu ya dakika kama 7. Aliiita Yellow Fever, yaani Homa ya Manjano.

Hapo usichanganyikiwe, ndugu msomaji. Homa ya manjano ya kweli ni ugonjwa mkali unaoletwa na mbu, nao una chanjo yake. Filamu hii haisemi habari za mbu. Jina lake linatokana na wimbo wa mwaka 1976 wa mwanamuziki wa Nigeria, Fela Kuti. Fela aliwasema watu wanaojichubua ngozi ili wawe weupe. Aliona kwamba tabia hiyo nayo ni homa, ila homa hii mtu anainunua dukani kwa fedha yake.

Sisi tunaiita mkorogo. Pengine unamjua mtu anayeutumia. Uso umekuwa mwekundu kama nyanya inayoanza kuiva, lakini vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Masikio nayo yana rangi yake. Watu wanacheka. Lakini Bi. Ng'endo hakutengeneza filamu ya kucheka. Alitaka kujua jambo hili linaanzia wapi. Mtu anajifunza wapi kuichukia ngozi aliyozaliwa nayo?

Alianzia nyumbani kwake. Alirekodi sauti za watu wa familia yake wakizungumza. Mmoja ni mpwa wake, mtoto mdogo wa kike. Katika filamu mtoto huyo anasema kwamba angependa awe Mmarekani kuliko kuwa Mkenya. Kwa nini? Kwa sababu anaamini kwamba Wamarekani wote ni weupe. Anayasema hayo kwa furaha, kama mtoto anayetaka pipi. Hajapaka mkorogo. Hajui hata bei yake. Lakini ile mbegu imekwisha kupandwa kichwani mwake, na hakuna mtu wa nyumbani aliyeipanda kwa kusudi. Imetoka kwenye picha anazoziona kila siku.

Mwandishi wa makala haya ana binti. Sehemu hiyo aliitazama mara mbili, akazima, akakaa kimya.

Pengine utauliza: kwa nini achore? Si angechukua kamera tu akawapiga picha watu wanaozungumza? Bi. Ng'endo amelieleza jambo hili mara kadhaa mbele ya watu. Anasema kwamba kwa miaka mingi wageni wamewapiga picha Waafrika kama watu wanaopiga picha za wanyama. Unajua kwamba katika nyumba za makumbusho kuna simba aliyekufa, ngozi yake ikajazwa vitu ndani ili asimame. Ana macho, ana meno, lakini hana uhai. Picha nyingi za Waafrika, anasema, ziko hivyo. Mchoro unaweza kumrudishia mtu uhai wake. Unaweza kuonyesha yaliyo ndani ya moyo, na moyo haupigwi picha kwa kamera.

Si filamu yote iliyochorwa. Ndani yake kuna picha za watu halisi, na kuna michoro, na mara nyingine vyote viwili vimechanganywa. Hili ni jambo la akili. Mwanafunzi ana muda mchache na fedha kidogo. Hawezi kufanya kila kitu kwa njia ngumu kuliko zote.

Sasa tuone kazi yenyewe inavyofanywa, kwa maana si katika chuo hicho tu. Wachoraji wa katuni kila mahali hufuata karibu njia moja.

Kwanza ni sauti. Watu wengi hudhani kwamba picha huchorwa kwanza, halafu maneno yakatiwa. Mara nyingi ni kinyume. Sauti hurekodiwa, kisha mchoraji anaisikiliza tena na tena na kuipima. Neno "mama" limechukua michoro mingapi? Mdomo umefungwa wapi, umefunguka wapi? Anaandika yote hayo kwenye karatasi yenye mistari, kama karani wa ghala anavyoandika magunia yanayoingia na kutoka. Akikosea hesabu, mdomo utafunguka wakati sauti imekwisha pita.

Meza yake ina kioo, na chini ya kioo kuna taa. Karatasi zimetobolewa matundu pembeni, nazo huchomekwa kwenye vijiti vidogo vilivyosimama mezani ili zisisogee. Anaweka karatasi mpya juu ya ile aliyokwisha kuchora. Taa inaangaza kutoka chini. Mchoro wa zamani unaonekana kupitia karatasi mpya, naye anachora mwingine kwa kuusogeza kidogo tu. Siku hizi wengi huchora juu ya kioo cha kompyuta, lakini kanuni ni ileile: uone ulikotoka ili ujue unakokwenda.

Hachori moja, mbili, tatu mpaka mwisho. Anachora kwanza picha kuu: mkono uko chini, mkono uko juu. Kisha anajaza zile za katikati. Na hapa ndipo penye ufundi. Michoro ikikaribiana, mwendo unakuwa wa polepole. Ikiachana, mwendo unakuwa wa haraka. Ni suala la nafasi, kama mashimo ya mahindi shambani. Mwanafunzi mgeni huweka nafasi sawasawa kila mahali. Matokeo yake mtu wake anatembea kama mashine.

Kazi hii inachosha mgongo na macho. Mtu anaweza kuchora siku nzima, na jioni akiitazama kazi yake imekwisha kabla hajavuta pumzi mbili.

Filamu ya Bi. Ng'endo haikubaki chuoni. Ilionyeshwa katika nchi nyingi. Mwaka 2013 ilipata tuzo iitwayo Silver Hugo katika tamasha la filamu la Chicago, Marekani. Naye ameendelea na kazi hiyo. Mwaka 2023 ilitoka filamu yake nyingine ya katuni iitwayo Enkai.

Na mkorogo je? Haukwisha kwa sababu ya filamu moja. Basi tuseme kwa kifupi mambo ambayo waganga wanayajua. Krimu nyingi za kuchubua zina zebaki, au dawa iitwayo haidrokwinoni, au dawa kali za steroidi. Zebaki ni sumu. Inapita kwenye ngozi, inaingia mwilini na kudhuru figo. Steroidi zikipakwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba. Ngozi hiyo ikipata jeraha, haiponi upesi. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinauzwa kwa siri. Kama unatumia na unataka kuacha, nenda kituo cha afya uwaeleze ukweli. Usione haya. Usiache dawa za steroidi ghafla bila kuongozwa, maana ngozi inaweza kuwasha na kuvimba vibaya.

Turudi kwenye michoro. Najua kwamba wapo wasomaji ambao tangu mwanzo wanataka kujaribu. Huhitaji meza ya kioo wala kompyuta. Tafuta daftari la mtoto lenye kurasa 80. Hilo lina majani 40. Tafuta na penseli iliyochongwa vizuri.

Tutachora mwanamke anayetwanga. Au mwanamume, naye ana mikono. Anza na jani la mwisho, kwenye pembe ya chini iliyo mbali na mshono. Chora kinu, na mchi ukiwa ndani yake. Kisha laza jani linalofuata juu yake. Karatasi ya daftari ni nyepesi, na ukikaa penye mwanga utauona mchoro wa chini. Chora kinu palepale kilipo. Kisisogee hata kidogo, la sivyo kitaonekana kinatetemeka kama kina homa. Mchi uuinue kidogo tu.

Endelea hivyo. Tumia majani 8 kuinua mchi na majani 4 kuushusha. Kuinua ni kazi nzito, kwa hiyo michoro ikaribiane. Kushuka ni upesi, kwa hiyo michoro iachane. Majani 12 yanafanya pigo moja. Majani 36 yanafanya mapigo matatu. Pigo la pili na la tatu unaweza kunakili la kwanza. Huo si uvivu. Wachoraji wakubwa nao hutumia michoro ileile tena na tena. Majani manne yatakayobaki, muache apumzike na kufuta jasho.

Ukimaliza, shika daftari kwa mkono wa kushoto penye mshono. Kwa kidole gumba cha mkono wa kulia achia majani moja moja upesi, kuanzia la mwisho kuja la kwanza.

Mara ya kwanza mchi utaruka ovyo. Usilitupe daftari. Achia majani polepole utazame ni jani lipi lililoharibu mwendo. Mara nyingi ni moja au mawili tu. Yafute, uyachore upya, kisha mwite mtoto aje atazame.