Je, Wajua Breki za Lori Hupimwa kwa Masikio?

Lori zito likiishiwa upepo wa breki haliendi popote. Aliyezoea gari dogo hushangaa, kwa sababu hudhani upepo ndio unaoyakamata magurudumu hata gari likiwa limeegeshwa. Mambo ni kinyume. Kinachokamata pale ni springi nene iliyobanwa ndani ya chemba ya breki, jirani na gurudumu. Upepo kazi yake ni kuizuia springi hiyo isifunguke. Upepo ukivuja wote usiku, asubuhi lori limejifunga, na dereva hana budi kuungurumisha injini mpaka matangi ya upepo yajae ndipo breki ziachie.

Wazo hili lilianzia relini. Mwaka 1869 Mmarekani George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo ya treni. Kabla yake wafanyakazi walikuwa wakirukaruka juu ya mabehewa, wakikaza breki ya kila behewa kwa mkono. Breki yake ya kwanza ilikuwa na hatari moja kubwa: bomba likipasuka, treni inabaki bila breki. Mwaka 1872 akaigeuza. Presha ikiwepo breki zinaachia, ikipotea zinakamata zenyewe. Springi ya lori ina muundo wake, lakini inafuata akili hiyohiyo.

Ukikanyaga pedali barabarani, hapo sasa upepo ndio husukuma. Presha hupimwa kwa psi, yaani ratili kwa kila inchi ya mraba. Chemba inayoitwa aina ya 30 ina eneo la inchi 30 za mraba, kwa hiyo psi 100 zikiingia humo zinasukuma kwa nguvu ya ratili 3,000, karibu kilo 1,360, kwenye gurudumu moja tu. Nguvu hiyo yote inatoka kwenye hewa tuliyonayo sote. Ajabu yake hainiishi.

Kampuni yenye malori mengi ina gereji, ina mafundi wa zamu. Mtu mwenye lori moja analoliendesha mwenyewe, tuseme kati ya Dar es Salaam na Tunduma, gereji yake ni zile siku chache anazokaa nyumbani kusubiri mzigo. Na njia yake inapita mlima wa Kitonga, mkoani Iringa. Akienda Tunduma anaupanda mlima ule. Akirudi bandarini na shaba ya Zambia au Kongo, anauteremka na mzigo mgongoni. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56, lori na mzigo wake, kwa gari la ekseli saba. Ndiyo maana naamini kwamba siku ya kwanza nyumbani, kabla ya kuosha kichwa cha lori na kupaka tairi rangi, ni ya breki.

Nyumbani kuna kitu ambacho barabarani hakipatikani: ukimya. Injini ikiwaka, kompresa inajaza kila kinachovuja, na muungurumo unafunika mlio wa upepo unaotoroka. Zima injini, na upepo uliomo matangini ndio huohuo, hauongezwi. Sasa geji inasema kweli.

Marekani, anayetaka leseni ya lori lenye breki za upepo lazima aonyeshe kipimo hiki mbele ya mtahini. Matangi yajazwe, magurudumu yazuiwe kwa magogo au mawe mazito, injini izimwe, breki zote ziachiwe. Kwa dakika moja presha ya lori pekee isishuke zaidi ya psi 2; likiwa na trela, psi 3. Kisha pedali ikanyagwe na kushikiliwa. Baada ya mshuko wa mwanzo, mipaka ni psi 3 na 4. Utingo au kijana wa nyumbani akishika pedali, mwenye lori azunguke akisikiliza: kwenye chemba, kwenye vali, kwenye paipu nyekundu na ya njano zinazounganisha kichwa na trela. Sikio likishuku kiungo, povu la sabuni litathibitisha.

Kisha matangi yenyewe. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Ikibanwa na kupoa, unyevu unageuka maji yanayotuama chini ya tangi. Kikaushio cha upepo huyapunguza, na ule mlio wa “pshaa” unaosikika kompresa ikishashibisha matangi ni chenyewe kikitema uchafu. Fungua vali ya chini ya tangi. Maji mengi yanaonyesha kikaushio kimechoka. Majimaji ya kijivu yenye utelezi ni habari nzito zaidi: kompresa inapitisha oili, na oili hiyo inaharibu mipira ya vali mbele yake.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni urefu wa safari ya kile chuma kinachotoka kwenye chemba kusukuma breki. Weka alama ya chaki kinapotokea, breki ikanyagwe, upime kwa rula. Kwa chemba ya kawaida ya aina ya 30, kikomo ni inchi 2. Kwenye uwanja wa nyumbani breki iliyolegea kidogo inaweza kukamata vizuri tu. Lakini kwenye mteremko dramu inapata moto na kupanuka, inazikimbia breki shuu, na chuma kinalazimika kusafiri zaidi. Kama kilishafika karibu na mwisho kingali baridi, huko mlimani hakina pa kwenda. Dereva anakanyaga, upepo upo, na gari halipungui mwendo.

Malori mengi ya siku hizi yana mkono, ule unaounganisha chuma hicho na breki, unaojikaza wenyewe. Ukikuta chuma kimezidi kipimo, usiukaze mkono kwa spana na kuona umemaliza kazi. Kilichoushinda kujikaza bado kipo, labda pini imekwama kwa kukosa grisi, labda bushi imekwisha, labda mkono wenyewe umekufa. Ukiukaza unaficha ugonjwa, na baada ya muda mfupi utalegea tena, pengine ukiwa njiani na mzigo.

Na ile springi ya kuegeshea isifunguliwe nyumbani hata kidogo. Imebanwa kwa nguvu ya kuua mtu, na chemba ikifunguliwa kabla springi haijafungwa kwa boliti yake maalumu, springi inaruka. Chemba yenye kutu au ufa hubadilishwa nzima, na fundi anayeijua.