Tapeli, mwizi au mdaiwa? Jua tofauti kabla hujaenda polisi



Mzigo umeondoka, pesa haijaingia. Unafika polisi unasema "kuna mtu hajanilipa", unajibiwa "hayo ni madai, malizaneni." Unarudi umenuna. Mara nyingi shida ni namna tunavyoeleza. Mimi sio mwanasheria, nauza viatu, ila Kanuni ya Adhabu ya hapa Tanzania (Sura ya 16) nimeisoma mwenyewe kidogo kidogo. Nilichoelewa ni hiki:

1. MESEJI FEKI YA MUAMALA
Mteja katuma meseji ya kughushi kwamba kalipa, ukaachia mzigo. Hilo sio deni. Ni kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302, kifungo hadi miaka 7. Eleza kwa mpangilio: uongo ulitangulia, mzigo ukafuata.

2. BODA KAPOTEA NA MZIGO
Utaambiwa "si ulimpa mwenyewe?" Ndiyo, ulimpa apeleke kwa mteja, hukumpa awe wake. Kifungu cha 258 kinamhesabu kuwa mwizi hata yule aliyekabidhiwa mali halafu akaigeuza yake kwa nia ya kudhulumu. Kijana wako wa dukani akikuibia, adhabu yake ni kali kuliko ya wizi wa kawaida.

3. MTEJA WA MKOPO
Mlikubaliana alipe mwisho wa mwezi, mwezi umeisha, simu anapokea ila anaomba muda. Hapo hakuna mwizi, kuna mdaiwa. Nenda Mahakama ya Mwanzo ukafungue madai. Usimsingizie wizi ili akamatwe, maana kupeleka taarifa ya uongo polisi nako ni kosa.

4. VITISHO
"Nitumie laki mbili, la sivyo nakwenda kukushtaki kwamba unauza mali ya wizi." Kumtishia mtu kumshtaki kwa kosa ili akupe pesa ni jinai. Usitume hata mia. Ukituma leo, kesho atarudi.

USHAHIDI
Usifute chati hata kama inakutia hasira. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema ujumbe haukataliwi mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Tunza namba ya mteja, picha ya mzigo, jina la boda na saa alipoondoka. Ukifika kituoni hakikisha umepewa namba ya RB. Meseji ya kitapeli itume pia 15040, bure.

Dukani kwangu sifungi mzigo kwa meseji, naangalia salio kwanza. Kuna mteja alinuna nikamwambia asubiri dakika mbili. Pesa haikuonekana, na yeye hakuonekana tena.

Wewe limewahi kukukuta lipi kati ya hayo manne? Andika hapo chini, na mtumie mwenzako anayeanza biashara.