Tusiiite "ardhi iliyoganda milele"

Katika maandiko ya mazingira tunayopewa kutafsiri, neno la Kifaransa "pergélisol" hutokea mara kwa mara. Wenzangu wengi huandika "ardhi iliyoganda milele". Mimi naona "milele" ni neno la kuondoa, na sababu imo katika maana ya kitu chenyewe.

Wataalamu huita hivyo ardhi ambayo joto lake halikupita nyuzi 0 za Selsiasi kwa muda usiopungua miaka 2 mfululizo. Ina maana kwamba imepita kiangazi bila kuyeyuka. "Milele" ilitoka kwa Warusi: mwaka 1927 Mikhail Sumgin alieneza katika kitabu chake maneno "vechnaya merzlota", yaani mgando wa milele. Mwaka 1943 Siemon Muller akaunda neno la Kiingereza "permafrost". Baadaye baadhi ya wataalamu wa Kirusi wenyewe walichagua kusema "ya miaka mingi".

Ni kweli kwamba ardhi hiyo inashangaza. Huko Yakutsk, Siberia, Fyodor Shergin alianza kuchimba kisima mwaka 1828. Kufikia 1837 alikuwa amepita mita 116, naye bado hajatoka katika udongo ulioganda. Mpaka leo majengo mengi ya mji huo husimama juu ya nguzo, hewa baridi ipite chini yake, ili joto la nyumba lisiyeyushe udongo unaoibeba.

Kaskazini zaidi, msitu unapokwisha, ndipo tundra inapoanza. Kiangazi tabaka la juu tu ndilo huyeyuka. Maji hayapati njia ya kushuka, basi nchi hujaa vinamasi ingawa mvua ni chache. Mizizi nayo haiwezi kwenda chini, kwa hiyo humea kuvumwani, nyasi na mierebi mifupi inayotambaa. Wanenets wa rasi ya Yamal huhama na kulungu wao wa kufugwa kufuata malisho hayo.

Sasa dunia inapopata joto, tabaka linaloyeyuka linazidi kwenda chini. Kuta hupasuka, barabara hubonyea. Mabaki ya mimea yaliyohifadhiwa na baridi huanza kuoza na kutoa kaboni dioksidi na methani. Kaboni iliyolala humo yakadiriwa kuwa karibu mara mbili ya ile iliyomo hewani. Msomaji wetu akiambiwa "milele", ataelewaje kwamba kuna hatari?

Napendekeza tuandike "ardhi iliyoganda mwaka hadi mwaka". Ni ndefu kidogo, lakini inaeleza jambo lilivyo: imevuka kiangazi kilichopita, na kijacho huenda isikivuke. Mwalimu au mwanafunzi mwenye neno lililo bora, alilete tulijadili.