Mbele ya kununua ordinatere mpya, angalieni memori



Tukipita katika depo za kakao na kahawa, tunasikia lalamiko moja: "Ordinatere yetu imechoka, inakwama tukifungua ramani ya mashamba." Kisha komite inataka kutoa makuta ya mfuko kununua ingine. Mungoje kidogo. Mara ingine mashine haijachoka, imegawa tu memori yake vibaya.

Ile ramani si mapambo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya mazao na ukataji wa misitu inaomba fasi ya kila shamba la kakao na kahawa ijulikane. Shamba la zaidi ya hektari 4 lichorwe mipaka yake. Dogo linaweza kuonyeshwa kwa nukta moja. Sekretere akishindwa kufungua ramani, mnunuzi hapati alama za mashamba, na magunia yanalala depo.

Memori inagawanywa namna gani?

Ordinatere nyingi za bei ndogo haziko na karte grafiki ya pekee. Sehemu inayochora picha kwenye ekra iko ndani ya prosesa, na inaazima RAM ya mashine. Inaazima kwa njia mbili. Kuko kipande kinachofungwa tangu mashine inawaka; programu zingine haziwezi kukigusa. Kingine Windows inakitoa kazi ikiomba, kisha inakirudisha.

Ni sawa na depo. Mukifunga chumba kwa ajili ya mbegu, hata kikiwa kitupu hamuweki kakao ndani. Depo ikiwa na vyumba 16, si shida. Ikiwa na 4 tu, kufunga viwili ni hasara.

Ndivyo tulivyokuta kwa kooperative moja: RAM giga 4, na giga 2 zimefungwa kwa picha. Zilizobaki zilibeba Windows, Excel na QGIS pamoja. Na kuchora mipaka katika QGIS kunaomba zaidi prosesa na RAM ya kawaida. Tulishusha kipande kile mpaka mega 256, ramani ikafunguka.

Fanyeni hivi

1. Bonyezeni pamoja kitufe cha Windows na Pause. Someni mstari "Mémoire RAM installée". Ikiandika 4,00 Go, lakini "utilisable" iko chini ya 3, kipande kikubwa kimefungwa. Angalieni pia kama Windows ni ya biti 32: hiyo haiwezi kutumia giga 4 zote, hata mukibadilisha nini.

2. Betri ijae kwanza. Zimeni mashine, kisha mukiiwasha mubonyeze mara nyingi F2, F10, Esc ao Suppr, kufuatana na fabrika, mpaka BIOS ifunguke.

3. Tafuteni mstari "UMA Frame Buffer Size" kwa prosesa ya AMD, ao "DVMT Pre-Allocated" kwa Intel. Pigeni picha ya namba ya zamani kwa telefone, ili muweze kuirudisha.

4. Chagueni Auto, ao mega 128 ao 256. Musiguse mstari mwingine. Hifadhini, mara nyingi kwa F10, kisha mурudie hatua ya 1 kuhakikisha.

Mstari ukikosekana, fabrika imeufunga. Muache hivyo, musitafute programu ya kuulazimisha.

Kama bado inakwama, ulizeni kwanza bei ya kuongeza RAM. Fundi aangalie kama kuko fasi ya kuiweka, sababu mashine zingine RAM yao imechomelewa. Aangalie pia aina: DDR3 haiingii penye DDR4.

Ordinatere mpya inaweza kuhitajika siku moja. Lakini makuta ya mfuko yametoka katika magunia ya wanachama, na wako na haki ya kuuliza kama tuliangalia kwanza.