Tundu la Paja, Tiba ya Moyo (2): Puto na Valvu za Soweto

Juma lililopita tuliifuata katheta, ule mrija mwembamba kuliko kalamu, kutoka kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Leo twende nayo Soweto, Johannesburg.

Mwaka 1975 madaktari wa jiji hilo, John Barlow akiwa mmoja wao, walichapisha matokeo ya kupima mioyo ya wanafunzi 12,050 wa Soweto. Katika kila wanafunzi 1,000, karibu 7 walikuwa na valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki. Mzizi wake uko kooni: mtoto anaugua mafindofindo, hapati penisilini, kisha kinga ya mwili inaugeukia moyo wenyewe. Baada ya miaka, kingo za valvu ya mitrali hugandana. Mlango wa sentimita za mraba 4 hadi 6 hubaki na 1 tu.

Wanawake wengi hugundua tatizo hili wakiwa wajawazito. Damu ya mjamzito huongezeka karibu nusu. Ikikosa njia, hurudi mapafuni, naye hutweta usiku kucha akidhani ni uzito wa mimba.

Hapo ndipo katheta inapoingia: Mjapani Kanji Inoue alitangaza puto lake la kutanua valvu hiyo mwaka 1984. Daktari hutoboa ukuta kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, akalipitisha. Puto lina kiuno: huvimba kwanza mbele, likavutwa likae kwenye valvu, likavimba nyuma, na mwisho kiuno chenyewe hutanuka, kingo zikaachana. Ni kazi ya sekunde, mgonjwa akiwa macho. Hafunguliwi kifua, wala hawekewi valvu ya chuma inayomlazimu kumeza warfarini maisha yote, dawa inayoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa binti wa miaka 20, sioni zawadi kubwa kuliko hiyo.

Valvu ya kupandikizwa kwa katheta, aliyoianza Alain Cribier mjini Rouen, Ufaransa, tarehe 16 Aprili 2002, ilibuniwa kwa wazee. Hujishikiza kwenye chokaa iliyoganda katika valvu zao. Valvu ya kijana mwenye rumatiki mara nyingi haina chokaa ya kutosha, na kifaa huweza kuteleza. Bado vijana hawa wanastahili kifaa chao.

Hata puto halimfai kila mtu. Palipo na donge la damu chumba cha kushoto, au valvu ikivuja sana, kifua kitafunguliwa. Na valvu iliyotanuliwa inaweza kuziba tena, hivyo mgonjwa haachi sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4. Sindano hiyo ndiyo mada ya juma lijalo.