Saratani ya matiti: Ulizia protini kabla ya dawa

MWANAMKE akiambiwa ana saratani ya matiti, huuliza kwanza iwapo atapona. Mimi ningemshauri aulize pia: je, kile kipande cha uvimbe kilichotolewa kimepimwa HER2?

HER2 ni protini iliyo juu ya seli, na kazi yake ni kuziamuru zikue. Kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano huwa imezidi kiasi, na uvimbe hukua kwa kasi. Huwezi kuijua kwa kupapasa titi. Dkt Dennis Slamon wa Marekani na wenzake walionyesha hatari hiyo mwaka 1987. Mwaka 1998 nchi hiyo ikaidhinisha Herceptin, dawa inayoishika protini hiyo na kuizuia. Asiye na HER2 nyingi akipewa dawa hii, atapoteza pesa na kuuhatarisha moyo wake bure.

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaidhinisha ya kwanza inayofanana nayo, ya bei nafuu. Ni hatua njema, lakini itamfaa nani iwapo maabara haipimi? Kipimo chenyewe hutumia kipande kilekile cha mwanzo, kwa hivyo mara nyingi mgonjwa hahitaji kukatwa tena.